Binti yangu anacheza bugobogobo, baba yake hajui

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Igombe, huku Ilemela, Mwanza. Nimekaa pembeni ya chanja za dagaa, maana nyumbani siwezi kushika kalamu bila mtu kuuliza naandika nini. Nina miaka 33 na watoto watatu. Barua hii ni kuhusu wa kwanza, msichana wa miaka 10, yuko darasa la nne.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, kambi yao iko visiwani Ukerewe. Unajua dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kali hawaingii ziwani, ndipo yeye anarudi nyumbani, anakaa siku saba, nane, giza likirudi anaondoka. Maisha yetu yote yanafuata mwezi. Mimi ninaanika dagaa, ninauza.

Mwaka huu mwalimu mmoja alianzisha kikundi cha ngoma pale shuleni. Wanacheza bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe, na binti yangu akachaguliwa kukaa mbele. Shangazi, huyu mtoto ni mkimya. Mgeni akimwita jina anajificha nyuma ya kanga yangu. Siku moja nilipita shuleni wakiwa mazoezini, sikumtambua. Alikuwa na kijembe cha mbao. Anakirusha juu, anageuka mwili mzima, anakidaka kwa mkono wa kushoto ngoma ikitua, wala hatazami juu. Nilisimama chini ya mwarobaini na beseni kichwani mpaka shingo ikauma.

Sasa kosa langu. Mwezi wa sita walialikwa kucheza mahali, ikaletwa fomu ya ruhusa imeandikwa "Jina la baba au mlezi". Nikaandika jina la mume wangu, nikasaini kama yeye. Kisha nikamwambia mtoto, hili la ngoma libaki kati yetu wawili. Aliitikia kwa kichwa tu.

Nilifanya hivyo kwa sababu mwaka juzi mtoto wa jirani alifeli darasa la saba, naye alikuwa mpiga ngoma. Mume wangu akasema mbele za watu: "Mimi sijalala ziwani miaka 14 ili mwanangu aje kucheza ngoma. Ngoma ni za watu wasio na kazi." Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano. Hajawahi kunipiga, nisimsingizie. Lakini akinyamaza, nyumba nzima inanyamaza.

Muhula huu ndio umenielemea. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa 10 mpaka saa 12 jioni, na Jumamosi asubuhi kwa muda wa saa tatu nzima. Katikati ya Septemba kuna mahafali ya darasa la saba, wao ndio watakaotumbuiza. Mwanzoni mwa Oktoba wamealikwa kwenye tamasha la kata. Halafu Oktoba hiyohiyo, mwishoni, kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Kuna na kwaya ya watoto kanisani Jumapili.

Mwezi wa sita alipata 38 kwa 50 Hisabati. Jaribio la mwezi huu amepata 19. Mwalimu wa darasa aliniita, akasema mtoto anasinzia kipindi cha kwanza, nimtoe kwenye ngoma kabla hajapotea. Jioni yake nikakutana na mwalimu wa ngoma, akaniomba karibu kupiga magoti, akasema nikimtoa sasa mstari mzima unavunjika.

Nililichukua daftari nikalikagua, japo mimi nimeishia darasa la saba. Za kujumlisha, kutoa na kuzidisha zina vema nyingi. Penye mafumbo, yale ya Juma ana machungwa kadhaa akampa Asha, hapo kote ni kosa. Sijui maana yake nini.

Nisikufiche, mtoto ana kazi pia. Anaamka saa 11 alfajiri, anachota maji ziwani, inamchukua kama saa nzima kila siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akitoka shule tunageuza na kuanua dagaa, saa 10 mpaka 12. Jumamosi mchana, saa 8 mpaka jioni, tunachambua na kufunga magunia. Usiku anapika mimi nikimnyonyesha mdogo wake. Daftari anafungua saa 3, kulala ni saa 5.

Nilipomwambia huenda akaacha ngoma hakulia. Aliuliza: "Sasa mama, shuleni nitakuwa naenda kufanya nini?"

Siku ya mahafali itaangukia mbalamwezi. Baba yake atakuwa nyumbani. Je, nimtoe kabla? Nimwambie mume wangu ukweli? Au ninyamaze tumalize mahafali, Mungu atusaidie asisikie? Silali.

Mama wa Igombe

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama palepale ulipokuwa umesimama wewe, chini ya mwarobaini. Nikuambie mapema kwamba sioni hapa mama mzembe. Namwona mama anayekagua daftari la Hisabati juu ya chanja za dagaa, akagundua kitu ambacho hata mwalimu hakukutajia. Nitakirudia.

Kwa jinsi ninavyoelewa, umeleta mambo mawili yaliyofungwa kwenye gunia moja. Lipo la mtoto: alama zimeshuka, anasinzia, muhula umejaa. Lipo na la nyumbani: jina la mume wako kwenye karatasi ambayo hajaiona. Kwa sababu mahafali yanaangukia siku za mbalamwezi, yote mawili yanakubana kwa wakati mmoja, ndiyo maana yanaonekana kama jambo moja. Hata siri ikiisha leo, usingizi wa mtoto utabaki pale pale. Na ukimtoa kwenye ngoma kesho, fomu bado ina saini yako kwa jina la baba yake. Tuyafungue moja moja.

Tuanze na saa za mtoto. Nimechukua kalamu nikahesabu kutoka kwenye maneno yako mwenyewe. Ngoma: Jumanne saa mbili, Alhamisi saa mbili, Jumamosi tatu. Jumla saa 7 kwa wiki. Maji ya alfajiri saa 7. Dagaa wa siku tatu za wiki saa 6, na Jumamosi mchana saa 4. Jumla 17, kabla hatujagusa sufuria la usiku. Halafu analala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, yaani usingizi wa saa 6. Mtoto wa miaka 10 anahitaji saa 9 au zaidi. Ukilitazama hilo, kusinzia kipindi cha kwanza kunaanza kuwa na maelezo mengine.

Tafadhali usilisome hili kama lawama. Mimi nimekulia mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, najua dagaa ndio sare, ndio daftari, ndio mafuta ya taa. Najua pia kuwa mvua za vuli zikianza kuanika kunakuwa shida, kwa hiyo jua la mwezi huu haliachwi lipite bure. Ninachouliza ni kimoja tu: mwalimu aliposema "mtoe kwenye ngoma", kwa nini sote tulikimbilia kupunguza zile saa 7 ambazo mtoto anazipenda? Mwalimu haoni alfajiri ya binti yako. Anaona ngoma kwa sababu inapigwa shuleni, mbele ya macho yake.

Na jiulize na hili. Mwezi wa sita alipopata 38, alikuwa tayari anacheza. Fomu ile ni ya mwezi huohuo. Kama ngoma pekee ndiyo mwizi wa alama, mbona haikuiba wakati ule? Huenda mazoezi yameongezeka, huenda ni kunyonyesha kwako kulikomwongezea kazi ya kupika usiku, huenda hesabu zenyewe zimekuwa ngumu. Wewe ndiye unayejua nini kilibadilika kati ya Juni na Agosti.

Sasa daftari. Kujumlisha yuko sawa, kuzidisha yuko sawa, kwenye mafumbo anaanguka. Mwanangu, hiyo ni habari kubwa. Hesabu ya fumbo inaanza kwa kusoma. Mtoto lazima asome mistari mitatu, aelewe nani kampa nani, ndipo ajue ni kutoa au kujumlisha. Fanya hivi jioni moja: mpe fumbo moja lililokosewa, usimwambie akokotoe, mwambie akusomee kwa sauti, kisha akusimulie Juma alifanya nini. Akisoma kwa kukwama-kwama, tatizo ni kusoma. Akisoma vizuri na kusimulia vizuri, halafu bado akakosea, labda ni haraka au uchovu. Akisogeza daftari karibu na pua, mpeleke akapimwe macho. Ni kazi ya dakika kumi, na itakupa kitu cha kumwambia mwalimu wa darasa zaidi ya kuitikia "ndiyo mwalimu".

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulifikiria, nami nitalisema kwa sababu ya ile ndoo ya alfajiri. Mtoto anayeingia ziwani kila siku kuchota maji yumo kwenye hatari ya kichocho. Kandokando ya ziwa letu kinachosumbua zaidi ni kile cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi mtu akiwa ndani ya maji. Mtoto anaweza kuwa nacho asijue, akawa mchovu tu, tumbo linamuuma mara kwa mara, darasani hayupo. Dawa hutolewa shuleni kwa vipindi, lakini anayerudi majini kila siku anaambukizwa tena. Zahanati wakipima choo chake utajua. Sisemi anaumwa. Nasema kabla hatujamnyang'anya ngoma, tujue kama mwili wenyewe uko salama.

Nije kwa baba yake.

Umeandika kana kwamba mume wako amekataa. Nimetafuta kwenye barua mahali ulipomuuliza, sijapaona. Alichosema alikisema kwa mtoto wa jirani, mbele za watu, mwaka juzi. Hajawahi kumwona binti yake na kijembe kile mkononi. Inawezekana ukimwambia atakataa vilevile, unamjua wewe, mimi simjui. Lakini kwa sasa unapambana na jibu ambalo hajalitoa.

Na hofu yake, ukiichungulia vizuri, ina mzizi. Mtu aliyeacha shule darasa la tano akaingia kwenye mtumbwi usiku, anajua kwa mwili wake mlango uliofungwa unafananaje. Tena kuna jambo linalompa haki zaidi kuliko anavyojua: kwa mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika 2024, elimu ya msingi ni miaka 6 badala ya 7. Darasa la binti yako likivuka mwaka huu, limebakiwa na miaka miwili tu kufika mwisho. Hakuna muda mwingi wa kuchezea. Ukianza mazungumzo kwa kukiri hilo, utakuwa umesimama upande wake kabla hujasema neno ngoma.

Upo na upande wa pili, ambao pengine hajawahi kuambiwa. Mtaala huohuo umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo, linafundishwa kama Sayansi. UMITASHUMTA wanayoisikia redioni kila mwaka ni Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania, michezo na taaluma ndani ya jina moja. Na bugobogobo, kati ya ngoma zote, ndiyo ya mwisho kuitwa ya watu wasio na kazi. Ilitoka shambani. Wakulima walipiga ngoma ili majembe yapande na kushuka pamoja na shamba kubwa limalizike, ndiyo maana hadi leo jembe limo mkononi mwa mchezaji. Vikundi vya Bagalu na Bagika vimeshindana kwa vizazi, na kila Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, watu hufunga safari kwenda kuwatazama. Mume wako si Msukuma pengine, huko Ukerewe wana ngoma zao. Hajui, na hakuna aliyemweleza.

Kuhusu ile fomu, nakuuliza kwa upole: kwa nini hukuandika jina lako? Iliandikwa "baba au mlezi", na wewe ni mzazi wa huyu mtoto mchana na usiku. Huenda ulihisi ruhusa yako peke yako haina uzito. Kwa siku za mbele nenda kwa mwalimu, omba karatasi mpya, saini kwa jina lako. Likitokea la kutokea safarini, shule itamtafuta aliyeandikwa pale, naye atashangaa mbele ya walimu. Afadhali asikie kwako.

Lakini kinachonisumbua zaidi si fomu. Ni lile la "libaki kati yetu wawili", na mtoto akaitikia kwa kichwa. Mtoto mkimya amepewa siri ya kubeba siku saba, nane, kila mbalamwezi, akikaa sahani moja na baba yake. Umesema anajificha nyuma ya kanga yako. Mtazame mtoto, baba yake anaporudi: anaongea kama zamani, au amekuwa mkimya zaidi? Inawezekana hata sehemu ya usingizi wake inaliwa na hilo. Vyovyote utakavyoamua kuhusu ngoma, huu mzigo unaweza kumtua leo kwa sentensi moja, kwamba la baba ni la mama kulisema, wewe usihangaike nalo.

Sasa njia zilizo mbele yako, nami nitakuambia ninavyoziona na hatari zake.

Unaweza kumtoa sasa. Mwalimu wa darasa atafurahi, mume wako huenda asijue kamwe, nawe utalala. Hatari yake ni swali la binti yako: shuleni nitakuwa naenda kufanya nini? Sikulichukulia kama deko. Kwa mtoto asiye na sauti, ile nafasi ya mbele ndiyo pekee anapoonekana. Zile saa 7 zikirudi nyumbani, uwe mkweli, zitakwenda kwenye daftari au kwenye dagaa?

Unaweza kunyamaza hadi mahafali yapite. Naielewa tamaa hiyo. Lakini Igombe ni mwalo mmoja, baba yuko nyumbani wiki hiyo, na mtoto atarudi na vumbi la ngoma miguuni. Akisikia kwa mvuvi mwenzake kwamba binti yake kawatoa watu machozi, hatauliza habari za ngoma. Atauliza tangu lini.

Unaweza kugawa. Acheze mahafali, kwa sababu watoto wenzake wameshamjengea mstari, kisha umwombe mwalimu wa ngoma ampumzishe hadi Upimaji upite, tamasha la kata limpite. Hapo zinabaki wiki kama tano za kukaa na mafumbo. Hatari ni kwamba mwalimu atalalamika na binti ataumia kuwaona wenzake wakipanda gari bila yeye. Pengine anaweza kubaki na Jumanne moja tu, bila safari. Uliza. Walimu wa sanaa wanajua kupanga mistari upya kuliko wanavyotuambia. Na Upimaji ule, kwa ukubwa wake wote, unapima kama mtoto ameshika masomo na yuko tayari kwa darasa la tano. Haumpangii shule ya sekondari. Uheshimuni, msiutetemekee. Kwaya ya Jumapili iache kama ilivyo, haimchoshi.

Na unaweza kupunguza upande wa pili: akichotewa maji na mtu mwingine siku mbili tatu za wiki, au magunia ya Jumamosi yakafungwa na msaidizi unayemlipa, hadi Oktoba iishe. Hela itauma. Sijui hesabu zako za nyumbani, wewe unazijua. Ila saa 1 ya usingizi alfajiri inaweza kumrudishia zaidi ya tuisheni yoyote.

Kuhusu kumwambia mume wako, nadhani moyo wako umeshaelekea huko, la sivyo usingeandika. Ukiona afadhali umwambie, usisubiri siku ya mahafali. Wanaume wanaorudi kutoka kambini siku ya kwanza wanataka kulala na kula tu. Siku ya pili au ya tatu, watoto wakiwa wamelala, mnapokunja nyavu au mnapokaa nje, anza na la kwako: niliandika jina lako bila kukuuliza, nimekosa. Halafu mweleze alama zote mbili, 38 na 19, usifiche ile ndogo. Mwonyeshe daftari penye vema na penye makosa, mweleze ulichogundua. Mwulize yeye angefanyaje. Akinyamaza, najua ukimya huo unatisha, lakini umewahi kukaa nao hadi ukaisha? Kama kuna shemeji au mzee wa kanisani anayemsikiliza, hakuna ubaya kumshirikisha kwanza. Na kama ndani yako unaogopa zaidi ya ulivyoandika, kama unaogopa kuumizwa, basi sahau mpangilio huu, usimwambie mkiwa peke yenu, na uniandikie upesi.

Ukiona inafaa, mwombe kitu kimoja tu: kabla hajasema ndiyo au hapana, aje mazoezini Alhamisi moja, asimame pale chini ya mwarobaini kama ulivyosimama wewe. Asimwambie mtoto.

Niandikie ulivyokuta kwenye lile fumbo la Juma, na zahanati walisema nini. Na siku ya mahafali ikipita, akiwa amecheza au hakucheza, niambie pia aliulizaje baba yake.

Wako,
Shangazi